Onyesho likiharibika katikati: lini uendelee, lini usimame

Muziki ukikatika ghafla katikati ya onyesho, watazamaji wote hugeuka kuangalia spika. Waamuzi hawageuki. Macho yao hubaki kwa kikosi, maana sekunde chache zinazofuata hufichua mazoezi ya kikosi hicho kuliko madoido yote yaliyotangulia.

Ushangiliaji wa mashindano (cheerleading) bado ni mgeni huku kwetu magharibi mwa Kenya. Wengi wameujua kupitia video za simu: vijana wa Marekani wenye sare za kumetameta, mmoja amesimama juu ya viganja vya wenzake, mguu umenyanyuliwa hadi sikioni. Lakini ukiuchambua, viungo vyake vyote tunavyo. Sarakasi tunazo, vijana wa Nyalenda au Manyatta wanaopanga piramidi ya watu kwenye vumbi hawakungoja video yoyote iwafundishe. Densi za jukwaani tunazo, kuanzia tamasha za drama za shule katika muhula wa kwanza hadi zile za muziki mwezi wa Agosti. Na shangwe yenyewe? Aliyewahi kukaa karibu na mashabiki wa AFC Leopards pale Bukhungu, ngoma za isukuti zikilia, hahitaji kuelezwa maana ya kushangilia kwa mpangilio.

Ndiyo maana vikundi kama kile ninachosaidia kufundisha hapa Kisumu huingia katika mchezo huu kwa haraka, na ndiyo maana swali moja hunijia tena na tena, kutoka kwa vijana, kwa walimu wao na kwa wazazi: mambo yakiharibika katikati, tufanye nini? Jibu ambalo wengi wetu tulilelewa nalo jukwaani ni fupi: endelea, tabasamu, usionyeshe. Kwa nusu ya matatizo ni jibu zuri sana. Kwa nusu nyingine linaweza kumvunja mtoto shingo.

Kuna mkasa wa onyesho na kuna mkasa wa mwili. Wa kwanza unafunikwa, wa pili unasimamisha kila kitu. Ugumu ni kwamba katika sekunde ya kwanza yote miwili hufanana: mtu ameanguka, watu wamepigwa na butwaa, muziki unaendelea. Asiyejipanga mapema ataamua kwa hofu, au kwa kelele za umati.

Dakika mbili na nusu

Tuuelewe mchezo kwanza. Ushangiliaji ulianzia kwenye majukwaa ya mashabiki. Mwaka 1898, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, aliongoza umati kupiga kelele kwa pamoja kuitia moyo timu ya chuo ya kandanda ya Kimarekani. Baada ya miaka mingi ukajitenga, ukawa mchezo wenye mashindano yake. Shirikisho lake la kimataifa, ICU, lilitambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwezi Julai 2021, ingawa kutambuliwa si sawa na kushindaniwa kwenye Olimpiki.

Onyesho halizidi dakika 2 na sekunde 30. Linafanyika juu ya vipande tisa vya mkeka vilivyounganishwa, eneo la karibu mita 16.5 kwa mita 12.8. Katika mashindano ya ICU kikosi cha taifa huwa na watu 16 hadi 24, na ndani ya muda huo wanapinduka, wanaruka, wanacheza, wanabebana kwa makundi madogo, kisha makundi yanaungana kujenga piramidi. Kwa kawaida kundi la kubebana lina mtu wa juu, wawili wa chini wanaoshika miguu yake, na wa nyuma. Huyu wa nyuma haonekani sana kwenye picha, lakini mimi humchagua wa kwanza kabla ya wote. Kazi yake ni kutomwondolea macho wa juu tangu anapopanda hadi anaposhuka, na akianguka, kuhakikisha kichwa, shingo na mabega havifiki chini.

Halafu kuna hesabu. Muziki wa mchezo huu una kasi kubwa, mara nyingi kati ya mapigo 140 na 150 kwa dakika. Tuchukue 144. Kuhesabu moja hadi nane kwa kasi hiyo kunachukua sekunde 3 na theluthi. Kwa hiyo onyesho zima, ukilipima kwa hesabu za nane, ni 45 tu. Kila nane ina kazi yake na kila mtu ana mahali pake pa kuwa. Ukipoteza nane mbili umepoteza karibu sekunde saba, na hakuna mwenzako atakayekungoja, kwa sababu naye ana mtu anayemtegemea.

Kosa moja, bei tatu

Wengi wanadhani kuanguka kuna bei moja. Kuna bei tatu.

Ya kwanza ni makato. Katika mashindano mengi makubwa yupo afisa ambaye hatoi alama kabisa. Yeye huandika makosa na kukata. Kundi lililoyumba likakaribia kuporomoka, kisha likajikaza, hukatwa kidogo. Mtu aliyepinduka peke yake akatua kwa magoti hukatwa kidogo vilevile. Aliyebebwa akishuka kabla ya wakati lakini akadakwa, makato yanapanda, na akifika chini yanapanda tena. Viwango hutofautiana kutoka shindano moja hadi jingine na hubadilishwa mara kwa mara, hivyo kocha asome kanuni za mwaka huohuo, asitegemee za mwaka jana.

Bei ya pili iko kwa waamuzi wa ustadi, ambao wangelipatia kundi lile alama za unyoofu na uthabiti, na sasa hawawezi. Ya tatu ndiyo inayouma zaidi: kitendo ambacho hakikukamilika huenda kisihesabiwe kabisa, kana kwamba hakikuwemo.

Ni hiyo bei ya tatu inayowashawishi vijana kupandisha tena haraka waokoe walichopoteza. Wakati mwingine ni sawa. Kundi lililoanguka mwanzoni mwa sehemu ya kubebana, likiwa na nane nne mbele yake, linaweza kujipanga upya, likapanda kwa njia rahisi na kumaliza sehemu kubwa ya kazi. Lakini kundi lililoanguka katika nane ya mwisho kabla ya piramidi liachane na hiyo nia. Piramidi hushonwa kwa mikono: wa juu wa kundi hili ananyoosha mkono akitarajia kumshika wa juu wa kundi la jirani, katika pigo fulani, kwa kimo fulani. Kundi moja likichelewa, mkono unakutana na hewa, na anayeutegemea mkono huo tayari yuko juu. Hapo kosa la watu wanne limekuwa la watu ishirini, na makato yamekuwa ajali.

Uamuzi huo haufanywi jukwaani. Hufanywa wiki kadhaa kabla, kwa karatasi na kalamu. Tunakaa chini na onyesho zima, nane baada ya nane, na kila mahali pa kubebana tunaandika mojawapo ya mambo mawili: hapa tukianguka tunapanda tena, au hapa tukianguka tunaacha. Kila kundi linajua yake kwa moyo. Na kuacha si kusimama mikono ikining'inia. Wa juu aliyeshuka anafanya mikono ileile ambayo wenzake wanafanya wakiwa juu, kwa pigo lilelile, uso ukiwa mbele, na wa chini wanafanya vivyo hivyo. Mtazamaji aliye mbali anaweza kudhani ndivyo lilivyopangwa. Mwamuzi hadanganyiki, lakini anaandika pia kwamba kikosi hakikuvunjika.

Nani anatoa amri? Wa nyuma, na hakuna mwingine. Nimeona kundi likiyumba huku mmoja akipaza sauti kwa Kijaluo, mwingine kwa Kiluhya, wa tatu kwa Kiswahili, kila mmoja na wazo lake, na msichana aliye juu asijue amsikilize nani. Tangu hapo tuna maneno mawili tu: "Chini!" na "Tena!" Wa nyuma akisema chini, hata kama wa chini wanaona wangeweza kuokoa, mtu anashushwa. Ubishi unangoja hadi nyuma ya pazia.

Kichwa kikifunga

Kusahau ni mkasa mdogo kwa macho ya mtazamaji na mkubwa mno kwa aliyesahau. Mtoto amefanya onyesho hilo mara nyingi kiasi kwamba angelifanya usingizini, kisha mbele ya taa na waamuzi anajikuta hajui mguu upi unafuata. Walimu wengi hukimbilia kusema hakufanya mazoezi ya kutosha. Mara nyingi si kweli.

Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 2002 kwa kutumia, miongoni mwa wengine, wachezaji wa kandanda. Waliwapa kazi ya kupiga chenga katikati ya vizuizi, na mara nyingine wakawataka wazingatie kila wakati ni upande gani wa mguu ulioligusa boli. Wanagenzi walisaidika kwa kuzingatia hivyo. Wazoefu, kwa mguu wao wa kawaida, walizorota. Ujuzi ukishazama mwilini, kuuchunguza hatua kwa hatua kunauvuruga, na hofu ya mashindano hufanya hasa hivyo: humlazimisha mtu kukagua kitu ambacho mwili wake ulikuwa unakifanya bila kuulizwa.

Kwa hiyo kumwambia mtoto dakika ya mwisho "kumbuka mkono wa kushoto, kumbuka goti, usisahau ile kona" ni kumtayarishia kusahau. Nyuma ya pazia mimi huwapa neno moja tu la kushika, na mara nyingi ni hesabu yenyewe.

Na aliyekwisha kusahau? Asiikimbize hesabu iliyompita. Aiache. Asigeuze shingo kumwibia jirani, maana kichwa kinachogeuka huonekana hadi safu ya mwisho ya ukumbi. Amtumie aliye mbele yake, ambaye anamwona bila kugeuka. Kisha angoje "moja" inayofuata, sekunde tatu hivi, aingie nayo. Jirani mwema humsaidia kwa kutaja hesabu kwa sauti ya chini bila kuvuruga uso wake. Haya yote yanafundishika. Kwenye mazoezi ninaweza kumgusa mmoja begani nikamtoa nje ya mstari bila taarifa, nikatazama waliobaki wanavyoziba nafasi. Nitadondosha utepe sakafuni. Nitazima muziki. Ila mishtuko hiyo ina mpaka usiovukwa: hakuna mshtuko wa makusudi wakati kuna mtu juu.

Stima ikipotea

Sasa turudi kwenye spika. Kwa wenzetu wenye kumbi kubwa, kukatika kwa muziki ni nadra. Kwetu stima inapotea, flashi inagoma kusomwa, au simu iliyounganishwa kwenye mitambo inaita katikati ya onyesho na ukumbi mzima unasikia mlio wa mjomba anayetaka kujua mmefika wapi.

Kanuni za ICU zinatenganisha hali mbili, na utengano huo unafaa kuigwa na yeyote anayeandaa shindano Kisumu, Kakamega au Nakuru. Hitilafu ikiwa ya vifaa au ukumbi wa waandalizi, kikosi kinasimama, kisha kinarudia onyesho lote tangu mwanzo, lakini alama zinahesabiwa kuanzia pale lilipokatikia. Huwezi kurudia ili ufute kosa ulilofanya kabla ya stima kupotea. Hitilafu ikiwa ya vifaa vya kikosi chenyewe, kikosi kina mawili: kiendelee bila muziki au kijiondoe.

Katika mashindano yetu madogo kanuni kama hiyo mara nyingi haijaandikwa popote. Basi iulizwe asubuhi, kwenye kikao cha makocha, mbele ya wote: stima ikipotea tunarudia? Kuanzia wapi? Tutapewa muda wa kupumua? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kikosi kilichomaliza dakika mbili kwa nguvu zote, kisha kikaambiwa kirudie papo hapo, kinapandisha watu kwa mikono inayotetemeka. Kocha ana haki ya kuomba mapumziko, na mwandalizi mwenye busara atampa.

Wakati wenyewe muziki unapokatika, kazi ya kwanza ni walio juu. Wanamalizia pigo lao au wanashushwa kwa hesabu, kwa sauti, wote pamoja. Kisha kikosi kinaendelea kuhesabu kwa sauti hadi afisa aseme simameni. Hapa sisi tuna utajiri ambao kikosi kilicholelewa na spika pekee hakina. Isukuti za Waisukha na Waidakho huenda kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na UNESCO iliiingiza densi hiyo mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Vijana waliokua wakisikia ngoma hizo wana mdundo kifuani. Nimeshuhudia kikundi kutoka upande wa Kakamega kikipoteza muziki, na kabla ya nane moja kuisha miguu na makofi yao yalikuwa yameshika mdundo, na ukumbi mzima ukaingia nao.

Mafuta, raba na nywele

Mikasa mingi huanzia bafuni na kwenye sanduku la nguo.

Jumamosi moja, katika ukumbi wa kanisa tunaouazima, msichana wetu wa juu aliteleza mara mbili kutoka kwenye viganja vilevile. Wa chini wa kushoto akalaumiwa, akaanza kulia. Nilipokishika kifundo cha yule msichana mwenyewe nikaelewa. Alikuwa amepakwa mafuta hadi miguu ikang'aa, kama mzazi yeyote wa kwetu anavyompaka mtoto anayetoka mbele ya watu. Tulimsafisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni, tukamkausha, akapanda na kukaa imara. Tangu siku hiyo wazazi wanajua: siku ya kubebana, paka uso. Miguu na mikono iache ilivyo.

Joto la Kisumu nalo lina mchango wake. Alasiri yenye unyevu wa ziwa, viganja hulowa kabla hata ya kuanza, kwa hiyo kila kundi huwa na taulo dogo pembeni na hujifuta kabla ya kuingia. Poda ya watoto, ambayo wengi hudhani inasaidia, hulainisha ngozi na kuongeza utelezi. Chaki ya wanasarakasi ndiyo inayokausha, nayo iulizwe kwanza kama inaruhusiwa kwenye mikeka. Ukienda Nakuru, mita 700 hivi juu kuliko Kisumu, mkasa hubadilika: asubuhi ni baridi, misuli imekaza, na waliozoea hewa ya ziwani huanza kuhema mapema. Kupasha mwili kunahitaji muda mrefu zaidi huko.

Kanuni za kimataifa zinataka viatu vyenye soli laini na zinakataza vipuli, mikufu, bangili na hata kutafuna chingamu. Kamba za raba zifungwe, kisha ncha zake zichomekwe ndani. Nywele za kuongezea zibanwe kwa nguvu, kwa sababu kishungi kilichoanguka mkekani kinaweza kumtelezesha anayekuja akipinduka. Kikianguka, aliye karibu akiondoe akiwa katika mwendo wake, kwa mguu au kwa mkono, ikiwa njia yake inaruhusu. Kiatu kikichomoka mguuni, mwenye kupinduka aache kupinduka, mwenye kubeba aamue na kundi lake. Sketi ikifunguka, mwenzake amfunike. Hakuna alama zinazostahili aibu ya mtoto.

Mtu akianguka kweli

Huu ndio mkasa wa mwili, na hapa sitaki kuharakisha.

Kuanguka vizuri hufundishwa kabla ya kupanda. Wa juu anabana mwili, anaweka mikono karibu na kifua na anaacha wadakaji wafanye kazi. Akinyoosha mikono kuitafuta sakafu, kifundo cha mkono au kiwiko ndicho kinachovunjika. Akirusha viwiko, anawavunja pua wanaomdaka. Wa chini wanaingia ndani, kuelekea anapoanguka, ingawa silika ya kila binadamu ni kuruka kando. Wanamdaka akiwa bado juu, si magotini, na wanakunja magoti ili kupunguza kishindo. Kundi ambalo halijafanya mazoezi haya kwa kimo cha kiuno halina ruhusa yangu kupandisha mtu mabegani, na kikundi kisicho na mikeka hakina sababu ya kumrusha mtu hewani, hata kama watoto wa jirani wanafanya hivyo kila jioni.

Akishafika chini, nani anaweza kusimamisha onyesho? Kanuni za ICU zinataja watatu: maafisa wa mashindano, kocha wa kikosi, na aliyeumia mwenyewe. Kijana wangu anajua hilo kabla hajavaa sare. Anajua kwamba akibaki chini hakuna atakayemzomea, na kwamba kocha atakayeingia mkekani hataingia kumkemea. Wenzake walio karibu hawapandishi tena na hawapinduki upande wake, kwa sababu aliyelala mkekani anaweza kuangukiwa na mwingine.

Tarehe 5 Machi 2006, mjini St. Louis, mshangiliaji wa Southern Illinois University alianguka kutoka kwenye piramidi ya karibu mita 4.5 wakati wa mapumziko mafupi ya fainali ya basketboli. Alipata mtikisiko wa ubongo na ufa katika pingili ya shingo. Alipokuwa akitolewa amefungwa kwenye machela, bendi ikapiga wimbo wa chuo chake, naye akaanza kufanya mikono ya wimbo huo akiwa amelala. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe na picha zile zikazunguka dunia nzima. Alipona, nami nafurahi. Ujasiri wake ulikuwa wa kweli. Lakini shangwe ile ilifundisha vijana wengi somo baya, kwamba mshangiliaji bora haachi kushangilia hata shingo ikiwa imepasuka. Anayeshukiwa kuumia shingo anatakiwa kutulia kabisa. Somo lenye manufaa halikupigiwa makofi: baada ya tukio hilo, wasimamizi wa ushangiliaji vyuoni walikaza kanuni kuhusu piramidi ndefu na kurushana juu kwenye sakafu ngumu ya basketboli isiyo na mikeka.

Kwetu hatari nyingine ni huruma. Mtu akianguka, watu kumi hukimbia, wawili humnyanyua kwa makwapa, mmoja humwagia maji usoni, mwingine humtikisa aamke. Wote wanampenda, na wote wanaweza kumpooza. Aliyeanguka kwa kichwa, shingo au mgongo hanyanyuliwi. Mtu mmoja anapiga magoti kichwani pake, anakishika kichwa kwa mikono miwili jinsi kilivyo, anazungumza naye kwa upole asigeuke. Mwingine anahakikisha anapumua. Wa tatu anazuia umati. Wa nne anapiga simu: 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Majina ya hao wanne yapangwe kabla ya siku ya shindano, pamoja na namba za wazazi na njia ya kufika hospitalini. Kwa walio Kisumu, hiyo mara nyingi ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wengi bado tunaiita Russia.

Mtikisiko wa ubongo unahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hujificha. Si lazima mtu azimie. Anaweza kuinuka, akacheka, akasema yuko sawa, kisha akauliza kwa mara ya tatu kama wameshaingia jukwaani. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho yaliyopotea, majibu ya polepole, kuumizwa na mwanga au kelele: dalili moja tu baada ya kugongwa inatosha kumtoa, na harudi siku hiyo, hata kama raundi ya fainali ni jioni na yeye ndiye nyota. Akitapika tena na tena, akishikwa na degedege, kichwa kikizidi kuuma, mkono au mguu ukilegea, au akiwa mgumu kuamshwa, hiyo ni dharura, na hasubiriwi basi la shule.

Nimesikia wazazi wakiomba: "Mwalimu, mwache amalize tu, amejiandaa mwaka mzima." Naelewa nauli waliyolipa na sare waliyoshona kwa deni. Jibu langu halibadiliki. Ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa namna inayoua, na wanaokumbwa zaidi na hilo ni vijana wa umri huohuo.

Baada ya hapo huanza safari ya kurudi, na wengi huiharibu kwa haraka. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika, bila kumfungia mtoto gizani: atembee kidogo, apunguze simu, ale, alale. Masomo yanarudi kabla ya mazoezi. Kisha mwili unapandishwa ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikichukua angalau saa 24: kutembea kwa kasi na kukimbia taratibu, halafu mikono na densi akiwa miguu chini. Kupinduka na kubebana kunangoja ruhusa ya daktari. Akishaipata, anaanza kwa kubeba wengine wakiwa wameshikwa kimo cha kiuno, kisha kupinduka, na kupanda juu kunakuja mwisho kabisa, huku mtu wa ziada akisimama mbele na mwingine nyuma. Dalili ikirudi popote katika ngazi hizo, anashushwa ngazi moja na kupumzika tena, na kocha anatafuta wa juu mwingine kwa shindano lijalo.